Treni ya Chumbani kwa Ngusa

Wenzake walipostaafu walinunua ng'ombe. Mmoja alifungua duka la spea za pikipiki, mwingine akaoa mke wa pili akafilisika kabla ya mavuno, na huyo tulimcheka tukamsahau. Mume wangu mimi, Bujiku, stesheni masta mstaafu, mtu mzima mwenye mvi mpaka kwenye nyusi, alikaa chini akaanza kutengeneza treni ndogo.

Mtaani walisema wanayoyajua wao. Walisema mzee ana nyumba ndogo, ndiyo maana siku hizi haonekani kwenye bao. Nikawajibu anazo, tena nyingi, njooni muone, zimejengwa kwa maboksi ya viatu na zote ziko kwenye chumba cha mwanangu. Afadhali ingekuwa mwanamke. Mwanamke ningemfuata mlangoni kwake tukaelewana.

Mimi ni Scolastika, ila jina hilo limebaki kwenye cheti cha ubatizo. Hapa Shinyanga wote wananiita Mama Ngusa. Nauza mchele sokoni, mchele wa Kahama usio na mawe, na anayebisha aje na ungo wake. Kwetu ni Ushirombo, nimekulia karibu na misheni, nasali kila Jumapili na siyumbishwi na habari za mizimu. Natanguliza hilo mapema, maana haya ninayosimulia yatawafanya wengine waseme mama wa watu ameanza kuzeeka vibaya.

Bujiku ni Msukuma wa Mhunze. Aliingia reli akiwa kijana, akaanza kwa kubadilisha njia za treni kwa mkono, akapanda taratibu mpaka akapewa stesheni. Si stesheni za mjini. Walimpa zile za porini, treni inasimama, mtu mmoja anashuka na kuku wake, treni inaondoka, mnabaki ninyi na upepo. Katika moja ya hizo, upande wa kwenda Malampaka, ndipo alipozaliwa Ngusa, mtoto wetu wa kwanza, kwenye nyumba ya shirika yenye mlango wa buluu.

Lazima niieleze kazi yake, maana ndiyo iliyotufikisha hapa. Reli ni moja, treni zinakwenda na kurudi humo humo. Treni ikishaondoka stesheni ya jirani kuja kwako, kipande chote cha njia kati yenu ni chake peke yake, na hakuna nyingine inayoruhusiwa kuingia mpaka hiyo ifike. Na kufika si kuona kichwa. Kichwa kinaweza kufika huku mabehewa ya nyuma yamekatika yamebaki porini, ukaruhusu treni nyingine ikaja kuyavaa. Kwa hiyo stesheni masta anatoka nje, anasimama, anangoja mpaka alione behewa la mwisho lenye taa nyekundu ya mkia. Akishaiona anarudi ndani, anainua simu, anamwambia mwenzake: imefika kamili. Hapo tu ndipo njia inafunguka.

Bujiku hakuwahi kupokea treni asiyoiona mkia. Aliacha ugali ukapoa, aliacha wageni, aliacha sala katikati. Siku ninajifungua Ngusa, mkunga anamwita aje ampokee mtoto, yeye akasema subirini kidogo, akatoka kutazama mkia wa treni ya mizigo. Nilimtukana kwa Kisumbwa, nikamtukana kwa Kiswahili, nikamalizia na Kilatini kidogo nilichokuwa nakijua cha kanisani. Aliporudi alimbeba mtoto akasema, "Naye amefika kamili." Nikacheka, hasira zikaisha. Ndivyo alivyokuwa mume wangu, na mimi nilimpenda hivyo hivyo.

Ngusa alikua na filimbi ya baba yake mdomoni. Alitaka reli. Lakini alipofika umri wa kuajiriwa, treni zenyewe zilikuwa zimebaki za kuhesabu, stesheni za porini zinafungwa moja moja, popo wanaingia kwenye ofisi. Vijana wote walikuwa wanakwenda upande wa Geita kwenye dhahabu. Ikitokea rashi mahali, yaani watu wamesikia dhahabu imeonekana, unakuta pori la juzi leo lina mahema, mama ntilie na muziki. Ngusa akafuata rashi. Alikuwa anapiga simu kila wiki, ananitania, ananiambia, "Mama, huku wali wa mawe, tuletee wa kwako."

Halafu zikaja mvua za masika, na duara alilokuwa anachimba, yaani shimo lenyewe la kuingilia chini, likashuka. Wapo waliotolewa wazima, wapo waliotolewa maiti, na wapo ambao udongo uliendelea kushuka ikabidi pafungwe na pafukiwe. Rafiki yake Onesmo alikuja hapa nyumbani na mkono umefungwa bandeji. Alikaa kwenye kiti hicho hapo akamwambia Bujiku ukweli wake, "Mzee, mimi nilimwona akiteremka na kamba. Kupanda sikumwona. Lakini sikuwepo muda wote."

Kutoka siku hiyo Bujiku alishika neno hilo moja. Aliingia. Kutoka hajaonekana. Basi yumo njiani.

Watu walikuja kutuhani. Mume wangu aliwapokea mlangoni amevaa shati la kazini, akawaambia hapa hakuna msiba, karibuni chai. Mimi niko chumbani nimefunga kanga kiunoni, nalia, nasikia wanakoroga sukari hawajui waseme nini. Nilimwendea Padri. Padri akaja, akasema tutamwombea marehemu misa. Bujiku akamjibu kwa heshima zote, "Padri, ukimwombea aliye hai kama marehemu, unamfungia njia ya kurudi." Padri akanywa chai yake akaondoka. Na miaka ikaanza kupita hivyo, bila matanga, bila kaburi, na mimi kila siku sokoni naitwa kwa jina la mtoto ambaye siruhusiwi kumlilia.

Hayo ningeyavumilia. Nisiloweza kuvumilia ni la Vumilia, binti yetu. Vumilia ni mwalimu wa sekondari, mpole, si kama mama yake. Akampata Stanslaus, fundi umeme wa Kahama, kijana anayesalimia kabla hajakaa. Wazee wa Stanslaus wakatuma mshenga. Bujiku akamsikiliza vizuri, akamchinjia mbuzi mzima, kisha akasema, "Binti yangu siwezi kumruhusu atoke wakati kaka yake yumo njiani. Njia haijafunguka."

Mshenga alidhani anadai mahari kubwa. Nilitamani ardhi inimeze.

Treni yenyewe ilianzia kwenye simu ya Vumilia. Alitaka tu kumchangamsha baba yake, akamwonyesha video ya wazee wa Ulaya huko, wamestaafu, wamejaza vyumba treni ndogo zinazotembea zenyewe, na milima, na madaraja. Bujiku akaomba aonyeshwe tena. Akaomba tena. Kesho yake akaingia chumba cha Ngusa, akatoa godoro, akatandika mbao juu ya kitanda cha mwanangu, akaanza.

Nikwambie ukweli, mikono anayo. Reli alizitengeneza kwa spoku za baiskeli, mataruma yake ni vijiti vya mishikaki vilivyokatwa. Kichwa cha treni kilikuwa kopo la mafuta ya kupaka, ndani yake mota ya redio kaseti. Mota hizo alizipata kwa Liaquat, mwenye duka la redio na spea karibu na stendi. Liaquat alizaliwa hapa hapa Shinyanga, au babu yake ndiye aliyezaliwa hapa, sikumbuki wanavyosema, ila Kiswahili chake kinawapita wengi. Alikuwa anamwambia, "Mzee Bujiku, serikali inajenga reli ya mwendokasi huko nje na wewe unajenga ya kwako. Tutapanda ipi?" Bujiku anajibu, "Ya kwangu inafika mbali zaidi." Umeme ulitoka kwenye betri ya pikipiki, ambayo Liaquat alikuwa anamchajia bure.

Akajenga Shinyanga yetu, akajenga Isaka, akajenga ile stesheni ya porini na nyumba yetu ya zamani yenye mlango wa buluu. Mlango huo aliupaka kwa rangi ya kucha ya Vumilia. Hata jiko langu la nje aliliweka, kwa kifuniko cha chupa. Mara ya kwanza nilipoiona nilisahau ugomvi, nikainama nikachungulia dirishani kana kwamba nitajiona mimi mwenyewe humo ndani na mimba. Nikamwambia, "Umepasahau pale mbuzi walipokuwa wanafungwa." Akapaweka.

Kisha reli yake ikakunja kwenda magharibi. Ikapita Kahama, ikaendelea. Nikamwambia, "Baba Ngusa, huko hakujawahi kuwa na reli." Akakata spoku nyingine. Siku iliyofuata alipanda basi la asubuhi, akarudi jioni na kifuko cha salfeti. Alikuwa ameleta udongo. Alikwenda mpaka kule kwenye duara lililofukiwa, akachota udongo mwekundu wa pale, akaja akaufinyanga mlima juu ya kitanda cha mwanangu, reli ikapita chini yake.

Nilikaa kwenye kizingiti nikautazama udongo ule mpaka giza likaingia. 

Basi treni ikaanza kutembea. Kila alasiri, saa ile treni ya abiria ilipokuwa ikipita zamani, Bujiku anafungulia umeme. Treni inatoka Shinyanga, inapita Isaka, inapita Kahama, inaingia chini ya mlima wa Ngusa, inatokea upande wa pili na kurudi nyumbani. Behewa la mwisho alilifungia kitaa kidogo chekundu cha redio bovu. Na behewa hilo, kila treni ilipoingia mlimani, lilibaki.

Kichwa kinatoka, mabehewa yanatoka, la mkia halitoki. Bujiku anaizima, anaingiza waya wenye kichwa kama ndoano, analivuta. Anaangalia kiungio, kizima. Anabadilisha kiungio. Alifunga kwa waya wa shaba, alifunga kwa uzi wa kushonea viatu. Nje ya mlima unaweza kuivuta kwa mkono na haiachii. Ikiingia mle, inatoka bila mkia. Liaquat alikuja mwenyewe kuangalia, akavua miwani, akaivaa, akasema labda ni kona ya mle ndani. Bujiku akanyoosha kona. Likabaki vile vile.

"Unaona," akaniambia, si kwa huzuni, kwa utulivu ule wa mtu kazini. "Hajafika."

Nikaanza kuiogopa hiyo treni. Nilikuwa nasema siogopi lakini nilikuwa napita mlango wa chumba kile upesi. Kuna alasiri moja nilikuwa peke yangu, nachagua mchele uani. Vumilia yuko shuleni, Bujiku amekwenda kwa Liaquat. Nikasikia ile mota. Mlio wake naujua, kama nyuki kwenye kopo. Ikatembea, ikanyamaza kidogo, kama inavyonyamaza ikiwa chini ya mlima, ikatembea tena. Nikasema Bujiku amerudi kwa mlango wa mbele. Nikaweka ungo, nikaingia kumwuliza kama amenunua mafuta ya taa. Chumbani hamna mtu. Treni imesimama kwenye ile stesheni ya porini, mbele ya mlango wa buluu, haina behewa la mkia. Nyaya mbili za betri zinaning'inia, na betri yenyewe haipo. Bujiku alikuwa ameibeba kwenda kuichaji.

Nilifanya ishara ya msalaba na nikafunga mlango. Sikumwambia mtu. Ningemwambia Bujiku angefurahi, na furaha yake ndiyo niliyoiogopa kuliko ile treni.

Mshenga alirudi mara ya pili. Safari hii hakukaa sana. Alisema, kwa upole lakini alisema, wazee wa Stanslaus hawatumi mshenga mara ya tatu, watakuja wenyewe Jumamosi ya wiki ijayo, na wakikuta jibu ni lile lile basi ndiyo wanaaga, kijana ataambiwa atafute kwingine. Bujiku akajibu vile vile. Vumilia alikuwa amesimama nyuma ya pazia na sinia la soda. Hakulia. Aliweka sinia chini akaenda kusahihisha madaftari ya wanafunzi, na kule kutolia kwake ndiko kulikonichoma moyo. Niliyempoteza alikuwa mmoja. Sasa nilikuwa naangalia wa pili akipotezwa nyumbani kwake, mchana kweupe, na baba anayempenda.

Ndipo mimi, Mkatoliki wa Ushirombo, nikapanda gari kwenda Mhunze kumwita shangazi yake Bujiku, Bibi Sikujua. Huyu ndiye anayebaki na mambo ya ukoo. Ananiita mtoto wa mapadri tangu siku ya harusi yangu, na mimi nilikuwa namkwepa tangu siku hiyo hiyo. Nilipiga goti nikasema, "Shikamoo, shangazi. Nimeshindwa." Akasema, "Marahaba. Umechelewa," akachukua fimbo yake.

Tulifika nyumbani alasiri, treni inatembea. Bibi Sikujua alisimama kwenye mlango wa chumba, akasalimia, "Mwadila." Bujiku akainuka haraka, akaitikia, akampisha kwenye kigoda. Hakukaa. Alitembea kukizunguka kitanda polepole, anaangalia nyumba moja moja, anainama, macho yake hayaoni vizuri. Bujiku akaanza kumweleza, hapa Isaka, hapa Kahama. Alikuwa anaongea kama mtoto anayeonyesha daftari lake.

Wasukuma wa zamani, na wa leo pia hata wakikataa, mtu wa ukoo aliyekufa wanamjengea kibanda uani. Kidogo, cha nyasi, mtu hawezi kuingia. Ni nyumba yake huyo aliyekwenda, apate pa kufikia akija, awekewe pombe na maji. Mimi nilipoolewa nilivikuta vibanda hivyo Mhunze nikadhani ni vya kuku, nikafagia kimoja, ikawa kesi. Mume wangu alikuwa anavijua tangu anajifunza kutambaa. Lakini maisha yake yote aliyamaliza relini, na mtu akizoea ofisi anasahau mikono yake ilijifunza nini kabla ya ofisi.

Bibi Sikujua alifika kwenye mlango wa buluu akasimama.

"Hii nyumba ya nani?"

"Ni ile ya stesheni, shangazi. Alipozaliwa Ngusa."

"Sijauliza ilikuwa ya nani. Nauliza umemjengea nani."

Bujiku akanyoosha kidole akaugusa mlango wa buluu. Treni ikapita mbele yetu ikaingia mlimani.

"Na huu udongo wa wapi? Wa hapa si mwekundu hivi."

"Wa kule."

"Kule wapi?"

"Kule alikoingia."

"Umeuchota kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu."

Treni ikatoka upande wa pili, behewa la mkia halipo. Bibi Sikujua wala hakuiangalia. Alikuwa anamwangalia mtoto wa kaka yake, na sauti yake haikupanda hata kidogo.

"Yaya, Bujiku," alisema, yaani hapana. "Wewe unawaambia watu kijana yu hai. Aliye hai hajengewi nyumba ndogo. Aliye hai anaachiwa kitanda chake, na wewe kitanda umekitandika mbao. Aliye hai hachotewi udongo wa alipolala. Nyumba umemjengea. Udongo umeuleta. Ulimzika zamani, mwanangu, kwa mikono yako hii hii. Kilichobaki ni mdomo. Unamweka mlangoni miaka yote hii, mtu amefika kwake na baba yake hamwambii ingia."

Nilidhani Bujiku atakasirika. Alikuwa anaitazama mikono yake. Ilikuwa na gundi, na ile rangi ya buluu ilikuwa bado imebaki kwenye kucha ya kidole gumba. Akaigeuza, akaitazama viganja. Nilimwona mume wangu akielewa kitu alichokifanya mwenyewe, na sijapata kuona jambo baya kuliko hilo. Nikamsogelea nikamshika bega. 

Vumilia alikuwa amerudi shuleni, amesimama nyuma yetu na mkoba begani. Bujiku akamwona. Akamtazama muda mrefu.

Kisha akajinyoosha. Akafunga kifungo cha juu cha shati. Treni ilikuwa inamalizia kurudi nyumbani, na behewa la mkia limebaki mlimani kama siku zote. Ikafika Shinyanga. Bujiku akazima umeme. Pale pembeni aliwahi kutengeneza simu ya stesheni, kibao tu chenye mkono wa waya. Akaishika akaiweka sikioni. Alikuwa anaangalia nyuma ya treni, mahali palipotakiwa kuwa na taa nyekundu, na palikuwa patupu, wote tulipaona.

"Treni ya Ngusa," akasema. "Treni ya Ngusa imefika. Imefika kamili."

Akaweka simu chini na akalia. Alilia kwa sauti, kilio cha mtu anayefiwa siku hiyo hiyo, na jirani wakaanza kuja, na safari hii hakuna aliyewapa chai. Nikavua kilemba nikakaa chini na mimi nikalia ya kwangu yote. Mtu aliyekaa relini maisha yake yote bila kupokea treni asiyoiona mkia alikuwa amedanganya mara moja tu, na alidanganya kwa ajili ya binti yake. Mimi nilijua. Hatukuwahi kuzungumza juu ya hilo.

Bibi Sikujua akasema udongo upelekwe Mhunze, uzikwe karibu na babu yake Ngusa, na anayeukusanya ni mama. Asubuhi nikaingia chumbani peke yangu na kanga mpya. Nikatandika kanga, nikaanza kuubomoa mlima, konzi kwa konzi. Niliongea na mwanangu. Nilimwambia habari za wali. Udongo ulikuwa umekauka, unavunjika vizuri, na mimi nilikuwa nangoja vidole vyangu viguse lile behewa, nimpe baba yake, au nilizike pamoja na udongo, sikuwa nimeamua.

Nikafika kwenye reli. Spoku zimenyooka, hazina kitu juu yake. Nikatoa udongo wote mpaka kwenye mbao. Hakuna. Nikauchekecha udongo kwa ungo wangu wa mchele, nikidhani limefukiwa, nikautazama kipande kwa kipande, na mimi ni mtu ninayeona jiwe dogo kwenye gunia zima. Hakuna behewa. Nikaangalia chini ya kitanda, nyuma ya mlango, ndani ya zile nyumba zote. Nikamwuliza Vumilia, akashangaa. Nikamwuliza Bibi Sikujua, akaniambia, "Funga kanga, gari linasubiri."

Bujiku sikumwuliza. Namjua. Angesema mkia haujaonekana, simu yake aliyoipiga haihesabiki, na njia ingefungwa upya. Wazee wa Stanslaus walikuwa wanakuja Jumamosi. Nikafunga kanga mafundo mawili, nikaibeba.

Tulizika. Padri alisoma, na Bibi Sikujua alimwaga pombe kidogo Padri alipogeuka, na Padri alijifanya hajaona. Matanga yakaisha. Stanslaus akatoa mahari, harusi ikafungwa, nikacheza mpaka kisigino kikapasuka. Vumilia yuko Kahama sasa, ana mimba, ananipigia simu kunilalamikia kichefuchefu. Chumba kile kimerudi kuwa chumba. Nyumba ya mlango wa buluu iko Mhunze, imewekwa chini ya kibanda cha nyasi isinyeshewe. Bujiku anacheza bao. Anakula akashiba, analala anakoroma, na mtaani wanasema mzee amerudia ujana.

Treni ya abiria ya kweli bado inapita nyuma ya nyumba yetu, siku zile inazopita. Nikiisikia inakuja naacha chochote ninachofanya. Wali umeshaungua mara nyingi. Nachukua beseni la maji machafu, natoka nalo mpaka nyuma ya ukuta, nasimama. Kichwa kinapita, mabehewa yanapita, nangoja la mwisho. Bujiku ananiita kutoka barazani, "Mama Ngusa, unatazama nini huko?"

Namwambia, "Namwaga maji."